Jiddah hadi Mwanza kwa Mstari Mnyoofu

Jumatano, 11 Juni 2025
Mzee Abdulshakur anarudi kutoka Hija keshokutwa! Ndiye baba yake Zuleha. Jibu la posa yangu liko mdomoni mwake. Mama Zuleha ameuliza nani atasimamia mapokezi. Nikanyoosha mkono kabla ya Masudi. Masudi naye kamposa huyohuyo Zuleha. Amepanda ndege mara moja tu, lakini akisimulia utadhani aliiendesha yeye. Mimi sijapanda. Nina akili.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeazima ramani na rula. Jiddah hadi Mwanza, kilomita elfu mbili na mia saba hivi. Ndege hula mia tisa kwa saa. Saa tatu tu! Akipanda asubuhi, adhuhuri tunaye. Masudi kadai ndege hutua kwanza Dar, mzee atalala huko, aunganishe kesho yake. Upuuzi! Nikamuuliza, wewe ukienda Kahama unapitia Dodoma? Ngokolo nzima, mtaa wetu hapa Shinyanga, ikacheka. Zuleha hakucheka. Akaniambia, "Kaka Abdu, si umpigie baba tu?" Nimsumbue mtu aliyeko ibadani? Kamwe.

Ijumaa, 13 Juni
Tumejaa Coaster hadi Mwanza. Pilau, dufu, mashangazi. Tumeimba kasida kwenye geti la uwanja wa ndege mpaka sauti zikakauka. Askari kasema ndege ya kutoka Jiddah haiji. Leo? Akasema leo wala kesho. Huyo hajui hesabu. Pilau tumeila wenyewe. Dereva Amosi kamaliza sahani tatu, kasema wabeja sana. Angalau mmoja ana shukrani. Bibi yake Zuleha amelia njia nzima hadi Shinyanga, akidhani mwanawe kapotea angani. Sijaomba radhi. Hesabu ilikuwa sahihi. Ndege ndiyo iliyozunguka.

Jumamosi, 14 Juni
Mzee ametua Mwanza asubuhi, akitokea Dar. Aliyempokea ni Masudi, peke yake, na gari la kuazima. Mjanja! Nikaenda kumwamkia. Shikamoo, Alhaji. Marahaba. Akauliza kama ni mimi niliyemliza mama yake. Nikamweleza mstari mnyoofu. Akacheka hadi akakohoa, akanipa tende na maji ya zamzam. Kisha akasema jibu la posa ni la Zuleha mwenyewe. Zuleha akajibu mbele ya wote: "Mtu asiyeuliza njia, nitafika naye wapi?" Atakuwa mke wa Masudi. Sikulia pale. Nililia nyuma ya msikiti, kidogo, nimesimama wima.

Jumapili, 15 Juni
Shamimu muuza vitenge ni mzuri kuliko Zuleha. Sijui ilikuwaje sikumwona! Kaka yake anarudi kutoka Guangzhou wiki ijayo. Nimejitolea kusimamia mapokezi. Alitaka kunipa namba ya kaka yake nimuulize saa ya kufika. Nikakataa katakata. China iko mashariki, na jua linatokea huko. Kaka atafika nalo.