Jinsi Ikupa Alivyotoboa Kuta za Kiini

Njooni, watu wa Bulyaga na Makandana, nanyi wa Kiwira wenye masizi ya makaa usoni, wekeni majembe chini! Habari hii ni ya Ikupa binti Ambindwile, mfunika vyungu asiyeshindwa, ambaye mvuke wa ndizi zake haujapata kumtoroka tangu alipoolewa.

Mjukuu wake Tulia alimletea kazi ya shule: kikapu kidogo kiwe kiini cha seli, kizungukwe na kuta mbili za jani la mgomba, na katikati ya kuta hizo ulezi ulale kama kalsiamu ghalani. Ishara ikigonga, ulezi upenye ukuta wa ndani, uangukie kopo lililo ndani ya kikapu, nacho kiini kijue kuna kazi. Tulia asipofaulu, safari ya mashindano ya Mbeya ingekwenda kwa Fred, mwanafunzi mwenzake mwenye majivuno. Ikupa akalibabua jani motoni hata likalainika, akafunga, akakaza, akashindilia, kama afunikavyo chungu cha harusi.

Siku ya maonyesho shuleni ikafika, pamoja na mvua yake, na Ikupa akaja na mwavuli kumsindikiza mjukuu. Mwalimu Jairo, bwana wa kalamu nyekundu, akasema, "Haya, tuonyeshe." Tulia akagonga. Kimya. Akagonga tena. Kimya.

"Kiini chako kiziwi!" Fred akacheka.

"Bibi, umeziba milango," Tulia akanong'ona, machozi yakimlenga.

"Mlango? Chungu gani kina mlango, mjukuu wangu?"

"Kiini si chungu, bibi! Pasipo matundu, kalsiamu itapita wapi?"

Hapo shujaa akasimama. Akautazama mwavuli wake, ngao yake ya masika ishirini, akaung'oa ubavu mmoja. Waya ukatoka unang'aa kama mkuki. "Mwalimu, kaa kando. Kosa ni la mkono huu, na mkono huu utalitengua." Akadunga juu, kuta zote mbili, mara saba, akizungusha ncha taratibu kama anayetoboa sikio la kichanga.

Tulia akagonga. Punje moja ikalia koponi: ti! Kisha mbili. Kisha ulezi ukanyesha kuishinda mvua ya nje.

"Imepita," alisema Mwalimu Jairo, akaandika jina la Tulia.

"Ndaga, bibi! Asante!"

Ikupa akarudi Bulyaga kwa miguu, mwavuli ukining'inia bawa moja, bega la kushoto limelowa chapachapa, akiwapungia waliojibanza varandani kama jemadari atokaye vitani. Iandikwe basi, enyi wenye kalamu: mwaka huo kiini kilipata habari, na njia ilifunguliwa na Ikupa. Vyungu vyake, hata hivyo, mpaka leo havitoi hata harufu.