Lalamiko Dhidi ya Fundi Asiyesema "Usijali"

Kwa Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Nyumba na Makazi.

YAH: UKURASA WAKO ULIVYOTULETEA MTU MWAMINIFU NYUMBANI, NA HASARA ILIYOTUPATA

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana nitakayoyasema hayafai kusomwa na mtu aliyesimama. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Gazeti lako nalisoma lote, hata yale ya zamani nayasoma dukani kabla hayajafungiwa vitu. Shule niliiacha mwenyewe, haikuniacha, na siku naondoka mwalimu mkuu alinisindikiza mpaka getini. Watu wenye wivu husema alikuwa anahakikisha sirudi.

Wiki nne zilizopita ulichapisha makala ya namna ya kumpata fundi mwaminifu wa kuezeka nyumba. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, aliikata kwa mkasi akaibandika kwenye mlango wa friji. Tangu siku hiyo sijapata raha ya kufungua friji.

Ili upime uzito wa jambo, ujue kwamba nyumba hii ya dada, ambayo nami naishi humu, niliiezeka mimi. Ni miaka kumi na moja sasa. Nilikuwa peke yangu, nyundo mkononi, misumari mdomoni, na kipimo changu kilikuwa jicho. Nilianza baada ya chai ya asubuhi, nikamaliza chakula cha mchana hakijaiva. (Mpwa wangu anadai zamani nilikuwa nasema siku mbili. Hizo siku mbili zilikuwa fupi.) Nilipokaribia kumaliza, upepo ulininyanyua mimi na bati langu, nikapita juu ya nyumba tatu. Jirani wa tatu akanisalimia, nikamwitikia, upepo ukanirudisha, nikapiga msumari uliobaki. Tangu hapo mtaa mzima unaniita Fundi. Na mtu akiitwa Fundi miaka kumi na moja, jina hilo limeshakuwa ngozi, halivuliwi bila damu.

Sasa mwaka huu, baada ya manyunyu machache tu, ubao wa dari chumbani kwa dada ulivimba, ukalegea, ukaangukia kitanda. Kwa bahati njema dada alikuwa jikoni. Mimi nikasema ni panya. Mpwa akasema panya hawaachi dimbwi. Nikajitolea kupanda mwenyewe nikarekebishe kabla ya mvua kubwa, akanijibu kwa heshima zote, "Mjomba, wewe sehemu yako ulishaifanya." Halafu akasimama mbele ya friji, akaanza kusoma.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Makala yako inasema fundi aulizwe nyumba tatu alizowahi kuezeka, na wanaoishi humo waulizwe mvua iliponyesha walilala wapi. Ndugu Mhariri, hayo ni maswali ya polisi. Mimi nilikuwa nimeshaleta fundi wangu, rafiki yangu ambaye mtaani tunamwita Usijali. Ni mtu wa watu. Alilitazama paa akiwa getini, mkono kiunoni, akasema, "Usijali." Kwa sisi tunaoijua kazi, hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Mpwa akamwuliza hizo nyumba tatu. Usijali akafikiri, akataja moja, akaifuta, akataja ghala ambalo halipo tena, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana msiba. Kila nikimpigia simu, msiba bado unaendelea.

2. Mpwa akamleta mwingine, ambaye nimempa jina la Kwanza-Tupime kwa kuwa kila ukimwuliza kitu anajibu hivyo hivyo. Huyu alisema atakuja Jumanne saa mbili asubuhi, akaja Jumanne saa mbili asubuhi. Tulikuwa hatujajiandaa kisaikolojia. Fundi tuliyemzoea husema kesho, akaja keshokutwa, na hapo katikati familia hukaa pamoja ikamsema, ikacheka, ikapendana. Huyu ametunyima hata mtu wa kumsema.

3. Alipima. Alipima urefu, mapana, mwinuko, akapima na mbao ambazo hakuna aliyemwambia zina tatizo. Halafu akaandika mkataba wa ukurasa mmoja na nusu, una aina ya mabati, aina ya misumari, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Mimi nilioa kwa maneno machache kuliko hayo, na mke wangu aliondoka bila kuhitaji hata nusu ukurasa. Nikamvuta fundi pembeni nikamwambia, kiume, asijisumbue na maandishi, sisi ni watu wa kuaminiana. Akaniambia, "Basi mzee, kama tunaaminiana, kalamu haitatuudhi." Nimelala na jibu hilo siku tatu sijalipatia dawa.

4. Siku ya kazi alipanda juu akayakagua mabati taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Kisha akauliza, kwa sauti iliyosikika nyumba ya nne, "Nani alipiga misumari hii bondeni?"

Wewe ni mtu wa ofisini, ngoja nikueleweshe. Bati lina migongo na mabonde. Huyu bwana anadai msumari hupigwa mgongoni, kwa sababu maji hupita bondeni. Mimi niliipiga bondeni yote, mia nne na ushee, bila kukosea hata mmoja. Nilikuwa na sababu ya kitaalamu kabisa: mgongoni msumari unaning'inia hewani, bondeni unakutana na mbao uso kwa uso. Kuhusu maji, nilitegemea yataona kichwa cha msumari yakapita pembeni. Maji yenye adabu hupita pembeni.

Jirani mmoja, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akaniuliza akichungulia juu ya ukuta, "Fundi, kumbe ulitutobolea chujio?" Nikamwambia upepo siku ile ulikuwa mkali.

5. Unaweza kudhani aliangusha paa lote atulazimishe kununua jipya. Laiti angefanya hivyo! Ningesema ni mwizi, tukasikilizana. Yeye akasema mabati mengi ni mazima, yaliyokufa kwa kutu ni sita tu. Yaliyobaki akayang'oa, akayasugua, akayageuza kifudifudi. Kumbe bati la mawimbi ukiligeuza, lililokuwa bonde linakuwa mgongo. Matundu yangu yote mia nne yakapanda juu, akapitisha misumari mipya mle mle, kila mmoja na kipira chake cha kuzuia maji. Kwa hiyo ameyasifu mabati, amezisifu mbao, ameyatumia matundu yangu bila kuniomba ruhusa, na kazi yangu ya maisha ameilaza kifudifudi mbele ya majirani.

6. Namba hii nimeiandika mara mbili, ya kwanza nimeichana.

Wakati anang'oa misumari yangu alikuta kila mmoja umepakwa lami. Alishuka na kidonge cha lami ngumu, akakikata kwa kisu, akatuonyesha matabaka, moja juu ya jingine, kama kitunguu. Akauliza, "Nani fundi wa lami hapa? Maana paa hili halikushikwa na misumari. Limeshikwa na mtu."

Mimi ndio kwanza nilikuwa najiandaa kusema ni mimi. Dada yangu alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage, na bila kuinua kichwa akasema, "Nilikuwa napanda kuanua nguo."

Ndugu Mhariri, juu ya bati letu hakujawahi kuanikwa hata soksi.

Nikaanza kuhesabu. Kila mwaka, mvua zikikaribia, dada alikuwa ananiambia, "Ndugu yangu, hebu nenda ukamsalimie shangazi, kaa naye wiki, anakuulizia sana." Nami nilikuwa naenda kifua mbele, kwa kujua ukoo huu hauwezi kukaa muda mrefu bila ushauri wangu. Huku nyuma mwanamke aliyenizidi miaka minane anapanda ngazi na kopo la lami, anaziba msumari mmoja mmoja, ili mimi nikirudi nikute nyumba kavu na jina langu liko palepale. Mwaka jana nilirudi nikamkuta goti limevimba. Akasema amejikwaa kwenye ngazi za sokoni. Nikamchua kwa mafuta, na huku namchua namsimulia habari ya upepo na zile nyumba tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, ulihangaika."

Mwaka huu goti limekataa kupanda. Ndiyo maana dari likaanguka. Si panya.

Na sasa nina swali ambalo makala yako ndiyo iliyolizaa: shangazi alikuwa ananiulizia kweli, au hakuwa ananiulizia? Swali hilo naliogopa, sijamwuliza mtu.

7. Kana kwamba hayo hayatoshi, mkataba unasema Kwanza-Tupime atarudi mvua kubwa ya kwanza ikipita, akague kama kuna panapovuja. Wapi umeona fundi anarudi baada ya mvua? Mimi mvua yangu ya kwanza ilinikuta safarini, na safari hiyo niliipanga vizuri. Kwa hasira nikasimama barabarani nikatangaza kwamba paa la kugeuzwa haliwezi kukaa, kwamba litavuja mvua ya kwanza tu, na likivuja mtaa uniite Fundi mpaka siku ya kuzikwa. Wakakubali. Lisipovuja, tayari wamenichagulia jina jingine. Sitaliandika kwenye gazeti linalosomwa na watoto.

Kwa hayo yote, ninaomba ofisi yako ifanye yafuatayo:

(a) Uchapishe masahihisho, kwa herufi kubwa, kwamba makala ile haihusu nyumba ambazo tayari zina mjomba.

(b) Ile sehemu ya pili uliyoahidi, ya namna ya kumpata fundi bomba mwaminifu, usiitoe kabisa. Mabomba ya jikoni kwetu niliyafunga mimi.

(c) Umwandikie Kwanza-Tupime barua kali, arudishe walau safu moja ya misumari bondeni, upande wa nyuma wa nyumba, kwa ajili ya kumbukumbu na heshima ya waliotangulia.

Nikimaliza, nisalimie wapiga chapa, wapanga herufi, dereva wa gari la magazeti na yule anayefagia ofisi, ambaye bila yeye nyote mngekuwa mnaandika kwenye vumbi. Huyo aliyeandika makala msalimie pia, lakini kwa mbali.

Wako aliyeonewa kwa kufuata utaratibu,

Mjomba wa Nyumba, Fundi (mpaka hapa tulipofika)

Nyongeza, baada ya sahihi:

Mvua ilianza nilipokuwa namba tatu. Kwenye namba tano ikawa kubwa kiasi kwamba nilihamishia meza chumbani kwa dada, niwe karibu na ushahidi. Sasa hivi inapiga bati kama watu mia wanamwaga kokoto. Dada amejilaza, mguu juu ya mto. Nimekaa chini ya pale dari lilipoanguka, beseni mapajani, nimeinua uso kama mtu anayepakwa dawa ya macho. Nangoja tone, Ndugu Mhariri. Moja tu. Hata la kubahatisha.

Halijaja.

Nimezunguka pembe zote nne. Nimepapasa kuta. Nimeipapasa hata barua hii, iko kavu kama ulivyoipokea. Nje namsikia yule jirani ameshaanza kuniita lile jina, na sauti yake inaishinda mvua.

Kwa hiyo (a) ifute. (b) igeuze, sehemu ya pili itoke haraka, Jumatatu ikiwezekana, kwani kuna maji yanatoka upande wa jikoni na hayatoki juu. Hiyo (c) nayo ifute, ila kama una nafasi mahali, andika kwamba matundu ni yangu.

Dada ameamka. Ametazama dari kwa muda, akanitazama mimi, akalitazama beseni. Akasema, "Umekaa na hilo beseni kama unangoja kubatizwa. Hebu litie maji ya moto uje unikande goti."

Naishia hapa, maji yanachemka.