Zamu Yangu ya Kula Bima

Jumatatu, 4 Machi 1996

Ushindi! Kampuni ya bima imekubali kunilipia kioo cha mbele cha gari. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Nikausaidia kidogo kwa nyundo. Dai la tano tangu Krismasi! Kabla yake taa, kioo cha pembeni, bampa, mlango uliokwaruzwa na mbuzi. Jirani yangu Etyang ana Pejo, na hajawahi kudai hata skrubu. Bwege! Nilimweleza kwamba bima ni chama: ukichanga, lazima ule zamu yako. Akasema hajaona chama kinachompa mtu mmoja zamu tano mfululizo. Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi

Sista wa kliniki ya misheni hapa Malaba anatafuta gari la kupeleka wagonjwa Busia kila siku. Kazi ya mwaka mzima! Mke wangu Adeke ameshaanza kuongea habari za mabati. Sharti la sista ni moja: bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe. Nikamhakikishia kwamba yangu imejaribiwa mara tano. Akafanya ishara ya msalaba. Mcha Mungu kweli.

Ijumaa, 8 Machi

Busia, kulipia bima ya mwaka mpya. Wezi wenye tai! Mourine wa kaunta anasema malipo yangu yangepanda maradufu, lakini hata hayo hawayataki. Kwa madai niliyodai, bima kubwa sipewi tena. Nibaki na ndogo, inayomlipa nitakayemgonga tu. Nikamwambia, dada, mimi ni mteja wenu mkubwa! Akasema ni kweli, mzee, ofisi nzima inakujua, hata mbuzi wako tunamjua. Nyuma yangu kwenye foleni, nani? Etyang! Amepunguziwa malipo kwa sababu hajawahi kudai. Nchi hii humtuza anayenyamaza!

Jumamosi, 9 Machi

Nimejaribu kampuni nyingine. Wakamtuma mkaguzi wa magari. Ni yuleyule aliyekagua madai yangu yote matano! Akalisalimia bampa kama shemeji yake. Akaondoka bila kutoa kalamu.

Jumatatu, 11 Machi

Kazi amepewa Etyang. Adeke anasema hata yule mbuzi ana akili kunishinda. Hajui! Nimewaza: bima ndogo humlipa aliyegongwa. Basi nigongwe! Kesho naegesha pale kliniki kwenye mteremko, juu kidogo ya Pejo. Etyang akirudi nyuma tu, bima yake inanitengenezea gari zima.

Jumanne, 12 Machi

Breki ya mkono imenisaliti. Gari limeteremka lenyewe, likaivaa Pejo. Hakukuwa na mgonjwa ndani. Bima yangu ndogo inamlipa Etyang kila kitu. Mimi, pua ya gari imekunjamana, na sipati hata balbu! Etyang akanipa pole, halafu akauliza: boss, hii sasa ni zamu ya nani?

Nimekaa. Nimetafakari. Nimeliona kosa: ni mteremko. Pejo ikitoka gereji, nitaegesha mahali tambarare. Adeke ataisukuma Pejo inigonge.