Pastory Amelala Tangu Saa Mbili

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Mfumo wa tiketi za boti umeganda tena. Abiria wa Bangwe wamepanga foleni hadi nje ya geti. Ndani ya programu yetu kuna thredi nane, yaani vibarua wanaofanya kazi kwa mpigo: huyu anachapa tiketi, yule anatuma ujumbe. Mmoja anakwama. Yupi? Wote wanaitwa "kibarua" na namba, na namba zinabadilika kila tukiwasha upya. Selina, tunayegombea naye ukuu wa kitengo, kashauri tuwape majina ya kazi zao. Nikacheka. Mkuu wa kitengo nitakuwa mimi, si yeye.

Jumanne, 9 Septemba
Nimewapa majina ya watu! Kibarua wa kwanza, kwa heshima, anaitwa Pastory, jina la bosi wetu. Yule mchovu wa mwisho: Selina. Nimetengeneza na mlinzi, programu ndogo inayowakagua kila dakika na kutuma taarifa kwenye simu za ofisi. Mzee Pastory kauliza ninafanya nini. Nikamwambia asubiri, atafurahi.

Jumatano, 10 Septemba
Saa nne simu zote zikalia. "Pastory amelala tangu saa mbili. Anazuia wenzake. Aondolewe."
Mzee alikuwa kwenye kikao na wenye boti. Kumbe na wao wamo kwenye orodha ya wanaotumiwa taarifa! Akatoka. Nikampa shikamoo mara mbili. Nikaeleza kuwa ni Pastory wa kwenye kompyuta. Katikati ya maelezo, ujumbe wa pili: "Selina anafanya kazi ya watu watatu."

Alhamisi, 11 Septemba
Selina kagundua tatizo ndani ya dakika kumi. Kibarua alikuwa anasubiri printa ya Bangwe, nayo haina karatasi. Mfumo sasa unakimbia. Mzee kaniita. "Dismasi, mwanangu, Jumatatu utaripoti ofisi ya Ujiji." Selina ndiye mkuu wa kitengo. Kaniletea chai. Nimekunywa, lakini kwa hasira.

Jumatatu, 15 Septemba
Ujiji. Meza moja, feni mbovu. Msimamizi ni Bi Yasmini, mama mpole. Thredi zao ni kumi na sita, hazina majina. Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa uaminifu. Nilichagua kibarua vibaya, basi. Hapa yupo mmoja hajawahi kukwama. Nimeshampa jina la Yasmini. Wamebaki kumi na tano. Nimemwomba Bi Yasmini majina ya mumewe na wakwe zake.