Matope Hayasemi Uongo

Jumamosi, 8 Juni

Tumefungwa. Vibaya! Pointi siziandiki, karatasi nayo ina heshima yake.

Uwanja ulikuwa bwawa. Udongo mweusi, mzito, unang'ang'ania kiatu kama mtoto anayelilia kubebwa. Mimi, dobi wa timu ya raga, na mtu pekee pale aliyewahi kufua mashuka ya hoteli za miji mitatu, nilifika mapema na mfuko wa jezi za akiba. Nikaona ubao mkavu nyuma ya jukwaa. Nikaweka mfuko chini ya kichwa. Nikasema nifumbe jicho moja tu. Jicho la pili likaona wivu.

Nilichoshuhudia: wanaingia uwanjani. Nilichoshuhudia tena: wanatoka. Katikati niliota mtu ananinyang'anya mto. Kuamka, kichwa kiko juu ya ubao mtupu na mfuko uko miguuni. Shingo imekataa kugeuka mpaka sasa.

Kocha naye hakuona kitu. Miwani yake ilivunjwa na mpira kabla refa hajapuliza filimbi, na raga yote akaitazama kama mawingu yanayopigana na mawingu. Baadaye, chumba cha kubadilishia nguo, kila mtu ameinamia viatu vyake, akauliza nani alikaa pembeni akatazama kwa utulivu, amwandikie tathmini. Kila namba ya jezi, na alama zake juu ya kumi. Wachezaji wenyewe hataki waandike, maana kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Mkono ukanyooka. Nikautazama. Ulikuwa wangu!

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka mgongo unalia. Naishi chumba cha uani kwa dada yangu. Mumewe ni Kabati, namba tatu wetu, yule wa mstari wa mbele wa skramu, pale wanaume wanapoinamiana vichwa kama wanaotafuta kifungo kilichoanguka. Jina Kabati alipewa na wapinzani. Walijaribu kumsogeza.

Dada kaja mlangoni, mikono kiunoni. Kasikia kwamba Katibu wa timu anataka Kabati aachwe, amekwisha, ni mzee, na nafasi apewe mpwa wake Katibu, kijana mwenye shingo ya korongo. Kasikia pia kwamba kalamu ninayo mimi. Akaniambia nimsikilize vizuri, mdogo wake. Tangu karakana alikofanya kazi ilipofungwa, Kabati ananyoa ndevu siku moja tu kwa wiki, siku ya mechi. Akiachwa hatanyoa tena. Ataingiza vyuma vyake vya mazoezi chumbani kwangu, atavitazama mchana kutwa, na mimi nitafute pa kulala.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tathmini yangu itakuwa ya haki. Akasema hapo ndipo wasiwasi wake ulipo.

Nampenda Kabati. Ni mtu anayekula polepole ili wengine washibe. Lakini nitaandika nini? Sikuona mchezo!

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata njia! Shule niliiacha mapema, ikabaki inanikumbuka, lakini akili haikubaki huko.

Nilikuwa dukani kwangu, jezi chafu zimerundikana mbele yangu kama mlima wa aibu, sina hata nguvu ya kufungua bomba. Ghafla nikaelewa. Nani anajua mchezaji kafanya nini? Jezi yake! Aliyepambana kaanguka, aliyeanguka kachafuka. Asiyechafuka alikwenda kupunga upepo. Miaka yote nafua, kumbe nasoma.

Nikazitandaza sakafuni. Namba kumi na nne, ya Mshale, yule mkimbiaji wa pembeni: safi kama ya bwana harusi. Alama mbili. Namba tisa: matope mpaka kolani. Alama nane. Hongera zake.

Halafu ajabu. Namba kumi na nane, jezi ya akiba, ya Kinyozi. Imelowa matope mbele, nyuma, makwapani, hata ndani! Jezi hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, Kinyozi akiivaa huonekana kama pazia dirishani. Leo imetanuka zaidi, mishono inapumua. Nikasema jamani, jitihada hupanua mwili! Kumi juu ya kumi. Mchezaji bora.

Nikafika namba tatu. Ya shemeji yangu.

Safi.

Imechanika begani tu, mpasuko mkubwa kama mlango. Nikaketi juu ya ndoo. Unene umepasua nguo kabla mtu hajacheza. Masikini Kabati. Kweli amekwisha.

Jumanne, 11 Juni

Sikulala vizuri. Nilimwona Kabati asubuhi uani, amekaa juu ya kigoda, anapaka viatu vyake mafuta. Akaniuliza shingo inaendeleaje. Mimi! Yeye ndiye anayesukumwa na wanaume wanane, anauliza shingo yangu.

Nikaenda dukani na uamuzi. Nikaishona jezi ya namba tatu, uzi mweupe, mshono wa kifundi, maana mimi kazi mbovu siwezi hata nikilazimishwa. Kisha nikaitoa nyuma ya duka, penye dimbwi, nikaiangusha. Haikuchafuka vya kutosha. Nikaikanyaga. Nikailalia. Nikabingirika nayo. Mama mmoja aliyeleta mapazia akasimama akanitazama, akauliza kama nafua au nafuliwa. Nikamwambia ni sayansi. Akaondoka na mapazia yake.

Alama tisa kwa namba tatu. Kumi ningeonekana napendelea.

Jumatano, 12 Juni

Katibu kapita dukani. Shati limenyooka, kalamu mbili mfukoni, zote hazina wino. Yeye Jumamosi alishinda langoni akigombana na mlinzi wa uwanja, hivyo naye hakuona mchezo, ila hilo halimzuii kuwa na maoni. Akasema amesikia tathmini inaandikwa na shemeji wa mtu. Akasema undugu na kalamu havikai mfuko mmoja. Akataka ushahidi.

Nikamwambia ushahidi ninao, wala sijaufua. Kesho nitauleta mezani, jezi kwa jezi, kila mtu aone kwa macho yake. Akaondoka kanywea.

Nimemmaliza! Nimekaa nazifikiria sura zao za kesho. Jezi zimeanza kunuka. Na mimi pia, kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimechoka hata kushika kalamu, lakini historia itaniuliza.

Kikao kilikuwa saluni kwa Kinyozi. Vioo kila upande, ukijikwaa unajikwaa mara nne. Kocha ana miwani mipya. Nikasimama, nikakohoa kama waheshimiwa, nikasoma.

Namba kumi na nne, mbili. Mshale akaruka, akauliza mbili za nini. Nikasema za kuvaa vizuri. Akasema trai zote tulizopata, yaani mabao yetu mawili, alifunga yeye, hakuna aliyemgusa, sasa matope angeyatafuta wapi, dukani? Nikamwambia hiyo ndiyo dosari yake, hashirikiani na wapinzani. Watu wakaanza kutazamana kwenye vioo.

Nikaruka haraka mpaka kwenye utamu. Namba kumi na nane, kumi juu ya kumi, simba wa siku, Kinyozi, simama upigiwe makofi! Kinyozi akasimama. Shavu limevimba kama kaficha andazi. Akasema, kwa taabu, kwamba anashukuru sana, ila Jumamosi alikuwa anang'olewa jino.

Katibu akacheka mpaka akashika kiti. Kocha hakucheka. Akaivuta jezi ya namba tatu, akaisogeza kwenye taa. Taa ya saluni haimsitiri mtu. Akakwangua kwa ukucha. Akauliza uwanja wetu umeanza lini kuwa na udongo mwekundu. Wengine wote wamerudi na udongo mweusi. Huyu Kabati aliangukia wapi, safarini? Akakwangua tena. Akauliza na huu uzi mpya chini ya matope. Jezi ilichanika, ikashonwa, ndipo ikaenda kucheza?

Nikasema matope hutembea. Hakuna aliyenisaidia.

Katibu sasa kapata mimbari. Udanganyifu! Undugu! Kabati kamtuma shemeji yake, Kabati aachwe leo hii, na mpwa wake amekuja na viatu kabisa.

Kabati akainuka. Kiti kikashukuru. Mtu huyu kikaoni hajawahi kusema zaidi ya salamu. Akasema jezi yake ilipasuka skramu ya kwanza kabisa. Akakimbia kuchukua nyingine. "Shemeji alikuwa amelalia mfuko," akasema. "Nikamwinua kichwa polepole nisimwamshe. Kazi ya kufua inachosha jamani." Iliyomtosha ilikuwa moja tu, kumi na nane. Akacheza nayo mpaka mwisho.

Mshale, pamoja na alama zangu mbili, akasema ni kweli, yeye alikuwa anatazama mgongo ulioandikwa kumi na nane, na mipira yote miwili aliyokimbia nayo ilitoka pale, chini ya rundo la watu. Namba tisa akasema naam. Kocha akavua miwani, akaifuta, akasema basi Kabati anabaki. Mpwa wa Katibu akafungua kamba za viatu.

Nikashangilia peke yangu. Kabati hakushangilia. Tukatembea mpaka tulipokaribia nyumbani. Akasimama.

"Kwa hiyo, shemeji, ulidhani sikucheza?"

Mimi, mtu wa miji mitatu, nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefua mlima wote. Matope ya wiki nzima hayafuliwi, yanabembelezwa. Vidole vimekunjamana kama vya bibi yangu. Nimeanika, mvua. Nimeanua, jua. Nimeanika, mvua. Hata wingu lina katibu wake.

Jezi ya namba tatu nimeifua kwanza, maji matatu. Nimeshona upya, uzi mara mbili, mstari juu ya mstari, hata skramu ya malori haiipasui. Nikaipiga pasi, nikampelekea ingali ya moto. Akaipokea kwa mikono miwili, akaivaa palepale uani, akainua mabega, akashusha. Ikakaa. Akaniuliza shingo.

Baadaye nikamwona mbele ya kioo, povu usoni, wembe mkononi. Na leo si siku ya mechi! Dada akapita na beseni, akaniona namwona, akasema nisijione, bado mimi ni mjinga. Lakini alicheka.

Jumapili, 16 Juni

Tumefungwa tena jana, ila kidogo. Ni maendeleo. Jezi zilikuwa na unyevu, wachezaji walitoa mvuke kama sufuria. Kabati alicheza mwanzo mpaka mwisho, na mshono haukusogea. Watu wameusifia. Wachache, lakini wanaojua.

Kocha kaniambia kalamu nisiishike tena. Ila Kabati sasa ndiye atakayefundisha mstari wa mbele, jioni jioni, na vyuma vyake vinahitaji mahali pakavu, palepale uani. Mahali hapo napafahamu. Nalala humo. Leo nimejikwaa chuma cha kwanza nikienda kitandani, cha pili nikikimbia cha kwanza. Kabati anavipanga huku anapiga mluzi. Siwezi kulalamika mbele ya mluzi ule.

Nimetafakari yote kwa utulivu. Nani nilisema mchezaji bora? Kumi na nane. Nani alikuwa mchezaji bora? Kumi na nane! Wote waliokuwa macho hawakuandika hata mstari. Mimi niliyekuwa usingizini nilipatia. Jana nilikaa macho kabisa. Karibu kabisa. Kosa langu lilikuwa la rangi tu.

Ndiyo maana nimerudi uwanjani leo na ndoo, nikachota udongo mweusi wa palepale katikati, mzuri, mzito. Nimeufunika kwa mfuniko nyuma ya duka, pakavu.

Wa akiba.