Fidla Ilipokatika Katikati ya Kupamba

Leo nimeaibika mbele ya wanawake mia mbili. Sikisii. Viti vilikuwa mia mbili, na wengine walisimama.

Ilikuwa kupamba kwa dada yangu Zuleikha, hapa Kisauni. Tulifanya alasiri kwa sababu usiku ukumbi ulikuwa umekodiwa na wengine. Wanawake peke yao. Bibi harusi anaingia taratibu, macho chini, kila mtu amtazame hina na dhahabu, kisha anaketi jukwaani. Dada alijifunza huo mwendo wiki tatu nzima. Alikuwa akiogopa kitu kimoja tu: mama mkwe wake, Bi Rehema, ambaye hata akisifu hukunja uso. (Mimi nilimwogopa zaidi, wala si mimi ninayeolewa kwake.)

Kazi yangu ilikuwa muziki. Niliiomba mwenyewe, kwa sababu haina kusimama mbele za watu. Hapo ndipo mnapoweza kuanza kucheka.

Dada alitaka kitu laini, kisicho na maneno. Nikamwambia ninacho. Ni wimbo wangu wa kuamkia kwenye simu, wa kutengenezwa na kompyuta. Unaanza kwa fidla, polepole, kama taarabu ya zamani. Mtamu, wallahi! Ila kila asubuhi huuzima kabla dakika haijaisha, niwahi shule. Mbele yake sijawahi kupasikia. Na tulipofanya mazoezi kwenye ujia wa nyumbani, Dada alimaliza ujia kwa hatua tisa. Fidla ikatosha, ikabaki. Ukumbi una hatua ngapi? Sikuuliza.

Kwenye kupamba simu haziingii, mtu asije akapiga picha watu wamevua mabuibui. Mlangoni alikaa Shangazi Saumu na sanduku la bati la kukusanyia simu.

"Shangazi, yangu ndiyo ya muziki."

"Bonyeza, kisha ulete."

"Si nikae nayo tu?"

"Hata yangu mwenyewe imo humu. Lete!"

Spika kubwa ilikuwa jukwaani, nimeshaiunganisha na simu bila waya. Nikabonyeza. Simu ikaingia sandukuni. Kufuli, tak! Shangazi akakaa juu yake.

Dada akaingia. Jamani, alipendeza! Fidla inalia, vigelegele, Mama anajifuta machozi kwa ncha ya leso. Bi Rehema yuko mstari wa mbele, uso umeanza kulegea. Nikajisifu moyoni.

Dada akafika nusu ya njia. Fidla ikakatika.

Kikafuata king'ora. Halafu mlio kama chuma kinachoburutwa sakafuni. Halafu DUFU! DUFU! DUFU! DUFU! Vioo vya madirisha vikatetemeka. Mtoto mmoja akaanza kulia. Dada akasimama palepale, mguu mmoja mbele.

Nikamkimbilia Shangazi.

"Fungua! Nataka simu yangu!"

"Nikikufungulia wewe, na hawa wengine?"

"Shangazi, ndiyo inayopiga hii kelele!"

"Eh? Sema kwa sauti, mwanangu, muziki mkubwa!"

Ikabidi nikimbilie jukwaani. (Mimi! Ambaye darasani nikiulizwa swali huangalia dawati.) Nikaona waya nyuma ya spika, nikauvuta kwa nguvu zote. Feni zikazima. Taa za jukwaa zikazima. Spika ikaendelea. Kumbe ina betri yake, na ule waya wala haukuwa wake.

Hapo akili ikaniruka. Nikavua mtandio, nikaifunika spika kama mtu anayemlaza mtoto, kisha nikaikumbatia.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sikuelewa mpaka nilipojishika kichwa. Asubuhi msusi alinimaliza upande mmoja, akaitwa kwa bibi harusi, basi. Upande wa pili nywele zilikuwa zimesimama wima kama zimeona jini.

Nikamtazama Dada. Mabega yanamtikisika. Nikajua nimemliza siku yake, mbele ya mkwewe. Analia wapi! Alikuwa anacheka, mkono wenye hina mdomoni.

Ndipo Bi Rehema akainuka. Vicheko vikaisha kimoja kimoja. Akaenda mpaka katikati ya ukumbi alipokuwa Dada, uso umekunjwa vilevile. Akavua leso mabegani. Akaifunga kiunoni.

"Mwanangu, tutasimama hapa mpaka lini? Twende!"

Akamshika Dada mkono, wakapanda jukwaani kwa chakacha! Kiuno hiki, DUFU! Kiuno kile, DUFU! Nani angejua vinaoana? Wanawake wakafunga leso, viti vikasukumwa kando. Mama akacheza. Shangazi Saumu naye akainuka kwenye sanduku akacheza. (Sasa ndiyo anainuka!) Dada alicheka mpaka wanja ukamchuruzika, na Bi Rehema akampangusa kwa kidole chake mwenyewe.

Wimbo ulipoisha, Bi Rehema akaniita.

"Abee," nikajibu, mtandio nimeurudisha kichwani nje ndani.

"Binti yangu anaolewa baada ya Ramadhani. Muziki utaweka wewe."

"Inshallah!" Mama akaitikia, kabla mimi sijafungua mdomo.

Basi msinicheke. Na mwenye wimbo unaomalizika kama ulivyoanza, tafadhali anitumie. Ila ausikilize wote kwanza.