Mwiko Wangu Ulivyotua Kwenye Banda la Gemu

Jamani, leo nimeaibika Masumbwe nzima ikiona, na hasira bado hazijanitoka.

Mnamjua mwanangu Shija. Tangu lifunguliwe banda la gemu karibu na stendi, mtoto kabadilika. Akifungwa mpira wa kwenye runinga anarudi kavimba, hasalimii mtu. Juzi kampiga teke kuku wangu anayeatamia. (Kuku alimfunga goli lini?)

Sasa leo wakwe wanakuja kumalizia habari ya ng'ombe wa mahari ya binti yangu, Kabula. Mchumba wake, Masanja, ni mchimbaji wa dhahabu kule Mwakitolyo. Nilimwona mara moja tu, tena kwa mbali, maana kwetu mama mkwe na mkwe hawasogeleani, sembuse kugusana. Kikao kikiharibika, Kabula anabaki kwangu.

Nikamtuma Shija mashineni akasage mahindi. Maji ya ugali yakachemka, yakakauka, nikaongeza mengine. Wakwe wakaingia, Shija haonekani. Nikajua alipo. Nikatoka na mwiko mkononi.

Bandani giza. Vijana wamesongamana, na mmoja kanipa mgongo, jezi nyekundu kama ya Shija, anapiga meza na kulia. Machozi kabisa. "Mmenionea! Refa gani huyu?" (Refa wa kwenye runinga, jamani.) Damu ikanichemka. Nikamtandika mwiko wa mgongo, nikamkamata sikio, nikamburuta hadi nje.

"Mpumbavu wewe! Wakwe wako nyumbani, unalilia katuni?"

Juani akageuka. Ana ndevu.

"Shikamoo, mama," akasema Masanja.

"Marahaba," nikajibu. Sikio lake bado ninalo.

Kumbe muoaji hakai kikaoni, kwa hiyo wazee wake walimwacha stendi asubiri. Akaingia bandani "kutuliza mawazo". Mtu anashuka shimoni kwa kamba bila kutetemeka, halafu goli moja linamliza! Nasema gemu linawatia vijana hasira. Hizi zangu sijui zimetoka wapi, maana gemu sijawahi kugusa.

Nafika nyumbani, habari imeshanitangulia. Shija yupo, mpole, anawagawia wageni maji. Unga uko jikoni. (Mashineni kulikuwa na foleni.)

Baba mdogo wa Masanja akakohoa. "Mama Kabula, mkwe hapigwi. Hapa ng'ombe mmoja tunampunguza kwenye mahari."

Nikainamisha kichwa. Kabula akanivutia pembeni.

"Mama, alikuwa analia kweli?"

"Kweli."

"Kwa gemu?"

"Kwa gemu." Akaenda akapiga magoti mbele ya wazee. "Baba, naomba ng'ombe wetu arudi. Asiporudi, nitawaeleza wachimbaji wote wa Mwakitolyo alichokuwa analilia kijana wenu."

Ng'ombe akarudi. Tarehe ya harusi ikapangwa, na Kabula akawaahidi kwamba jambo hili halitatoka nje ya familia.

Kwa hiyo nimewaambia ninyi tu. Anayetaka kucheka acheke kwa ndani. Mwiko bado ninao.